Ukikodi kombaini, piga magoti kwanza uitazame mbele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na unisamehe nikiwa mrefu, maana jambo lenyewe lina vyuma vingi.

Msomaji wako mmoja wa Lindi aliandika hapa kwamba kombaini hazifai kwa mpunga wa kusini, kwamba zinamwaga kuliko zinavyovuna, na kwamba heri sisi wa mabondeni tubaki na mundu wetu. Kwamba mpunga wake ulimwagwa, namwamini. Hata wangu ulimwagwa. Lakini alipoitupia lawama mashine nzima, hapo amempiga punda kwa kosa la aliyefunga mzigo.

Mimi ni dereva wa kombaini wa zamani. Nilifanya kazi miaka 14 kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, lile shirika la serikali la kilimo na chakula, kule Hanang, yale yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada. Nilipanda basi hapa Mtwara nikiwa kijana ambaye ngano nilikuwa naijua kwa chapati tu. Siku hizi nina ekari moja na nusu ya mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Kitere, mikorosho kidogo huko juu, na pawatila kuukuu, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, ambayo mke wangu anaiita mke mwenza, kwa jinsi ninavyoamka usiku kwenda kuitazama.

Kule Hanang fundi wetu mkuu alikuwa na desturi moja. Dereva mpya akiripoti, hamwonyeshi injini wala usukani. Anampeleka mbele ya mashine, anamwambia apige magoti, atazame visu. Akiinuka bila kusema lolote, anarudishwa magotini. Mimi nilirudishwa mara tatu. Mara ya tatu niliona gadi moja, yaani jino la chuma ambalo kisu hupita ndani yake, imepinda kiasi cha unene wa kucha, nikaruhusiwa kwenda kunywa chai.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuisogelea, kombaini ni kama mashine mbili zilizounganishwa. Ya nyuma ni ya kupura: kuna dramu, machekeche, feni na tangi la nafaka. Ya mbele ndiyo heda, sisi tukiita kichwa, na hicho hufunguliwa kikafungwa kingine. Kwenye kichwa cha ngano au mpunga, juu kuna rili, kama pangaboi lililolazwa ubavu, lenye meno marefu ya waya yanayoyavuta mabua ndani. Chini kuna visu vya pembetatu vilivyopigwa riveti kwenye mwamba mmoja wa chuma. Vinakwenda kushoto na kulia katikati ya gadi, kama mkasi usiochoka, na kila kisu kina upana wa inchi 3, yaani milimita 76. Nyuma ya visu kuna parafujo kubwa la kukusanya mabua kutoka pembeni na kuyasukuma kooni. Sehemu ya nyuma ukishairekebisha, kazi yake ni ileile siku zote. Ya mbele ndiyo inayokutana na shamba, na shamba la leo si la jana.

Sasa nieleze yaliyonipata.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, watu wa Kilwa walikatikiwa na barabara. Sisi wa Kitere mpunga ulilala. Nilikuwa nimepanda Supa, kwa sababu wali wake unanukia na sokoni haubembelezi mnunuzi, lakini Supa ni mrefu, na suke likishajaa upepo ukija unalala kama mkeka. Jirani yangu alipanda SARO 5, ambao ni mfupi. Wake uliinama kidogo, ukainuka, ukaendelea na shughuli zake. Nilimsikia akimshukuru Mungu kwa sauti ambayo ilinifikia hadi kwangu, na nadhani ndiyo ilikuwa nia.

Na wakati huo vibarua hawapatikani. Mei na Juni kwetu ufuta unakatwa, mikorosho inapaliliwa ikisubiri salfa, na nyumba zenye watoto zinajiandaa kwa jando na unyago. Kijana aliyekuwa akikata mpunga kwa ujira mdogo na sahani ya ugali leo anapanga bei akiwa amekaa kivulini, wala simlaumu. Basi tukakusanyana wakulima tisa, tukamwita mwenye kombaini kutoka mkoa mwingine. Simtaji, maana haya yanawahusu wengi kuliko yeye. Mashine ikashuka kwenye lori: ndogo, kichwa cha mita 2, minyororo ya mpira badala ya magurudumu ili isizame, safi kama sufuria za bibi harusi. Bei kwa ekari, malipo kabla.

Nikapiga magoti mbele yake. Dereva, kijana mwenye adabu zake, akaja.

"Shikamoo babu. Umeangusha nini?"

"Marahaba. Sijaangusha, natafuta. Vidole viko wapi?"

"Vidole gani babu?"

Nikajua siku imeharibika.

Vidole ndivyo tulivyoviita Hanang. Ni vyuma vyembamba vyenye pua ndefu vinavyofungwa juu ya gadi, kimoja kwenye kila gadi ya tatu au ya nne. Pua inatangulia mbele ya visu, inapenya chini ya mabua yaliyolala, inayainua kama mtu anavyoinua ukili wa mkeka kutafuta sindano, rili linayapokea, kisha kisu kinakata shina chini ya suke. Pasipo vidole dereva anachagua kati ya mabaya mawili: ashushe kichwa achote tope, au akipandishe apite juu ya masuke. Kijana alikipandisha. Hata mimi ningekipandisha. Tope likiingia kooni hadi kwenye dramu, mnafungua mashine siku mbili na wenye mpunga wamesimama wanawatazama.

Nina fremu ya nondo nyembamba, mita moja kwa mita moja, niliyoitengeneza baada ya kustaafu kwa sababu mazoea ni mazoea. Kabla mashine haijaingia, niliitupa kwenye mpunga ambao haujavunwa, nikahesabu punje zilizokwisha kudondoka zenyewe kwa upepo: 70. Hizo si za mashine, ni za Hidaya. Kisha nikaitupa nyuma ya mashine, nikachuchumaa na mjukuu wangu wa darasa la sita. Tukahesabu masuke mazima 21, yamelala salama kabisa, majani tu ndiyo yaliyonyolewa. Punje zilizotawanyika, ukiondoa zile 70, zilikuwa 430. Suke moja tulilolipukuchua lilitoa punje 90. Kwa hiyo masuke 21 ni punje 1,890, jumlisha 430 unapata 2,320. Punje 1,000 za mpunga zina uzito wa gramu 25 hivi, basi pale chini palikuwa na gramu 58. Ekari ina mita za mraba 4,047. Mjukuu akapiga kwenye simu, akanigeuzia kioo bila kusema kitu: kilo 234 na ushee.

Ni magunia matatu kwa kila ekari, tumewawekea panya na njiwa, na kuwawekea huko tumelipia.

Tulitupa fremu mara nne nyingine. Pengine palikuwa na nafuu, pengine palikuwa pabaya zaidi, hasa kwenye kona za majaruba ambako mashine inageuka. Jambo halikubadilika. Nikamwomba kijana asimame. Hakunibishia; alimpigia simu bosi wake, akaweka spika ili nisikie. Bosi akasema mashine imekuja na kila kitu kilichotoka nacho kiwandani.

Ndugu Mhariri, mzizi wa barua yangu uko hapo, kwa sababu yule bwana alikuwa anasema kweli. Vidole huuzwa kando. Kichwa cha zao jingine huuzwa kando, hata kikata mabua cha mkiani kwenye mashine nyingi ni cha kuongezewa bei. Anayenunua kombaini kwa mkopo hubana kila shilingi, akiona karatasi yenye orodha ya vitu vya ziada anaikunja. Anayemkodi hajui cha kuuliza. Dereva amefundishwa kwenye mashine isiyo navyo, kwa hiyo hajui kama vipo duniani. Hapo hakuna mwizi, lakini gunia zimeibwa.

Tukakubaliana mashine ihamie kwa jirani wa SARO 5 kwa siku mbili, maana mpunga wake ulikuwa wima, nami nikaenda kwa mhunzi.

Tulichukua springi bapa za gari bovu. Chuma cha springi ni kigumu, ukikitoboa hivyo hivyo unamaliza keekee, na ukikichomelea kwa umeme pale penye uchomeleaji panakuwa kama kigae, panavunjika kwa pigo la kwanza. Mhunzi akaikata kwa grainda vipande vyembamba, akavipasha kwenye makaa hadi vikawa vyekundu kama tunda la korosho, akavifukia kwenye majivu usiku kucha vipoe polepole. Asubuhi vikatobolewa kama ubao. Tukavikunja pua, tukavirudisha motoni, tukavizamisha kwenye oili chafu, kisha tukavipasha tena kidogo hadi vikaanza kugeuka bluu, ili viwe na unepo visikatike. Kichwa cha mita 2 chenye gadi za inchi 3 kina gadi 26. Tukafunga kidole kwenye kila gadi ya tatu, tukaacha za pembeni kabisa: vidole 8, kwa bolti ndefu kidogo kuliko zilizokuwapo. Jioni ya siku ya pili kijana alivitazama, akagusa kimoja kwa kidole chake mwenyewe, akacheka.

Nilimwomba na mengine yasiyouzwa dukani. Rili alisogeze mbele na kulishusha, meno yake yaelekee nyuma kidogo yashike kutoka chini. Aingie shambani kwa kupambana na upande mpunga ulikolalia, asiufuate. Ukiufuata, vidole vinapita juu ya migongo ya mabua vikiyapapasa tu. Na apunguze mwendo. Rili likienda haraka mno linapukuchua masuke kabla hayajakatwa, likienda taratibu mno linasukuma mabua mbele kama fagio. Kwenye mpunga uliosimama ncha ya jino inatakiwa kwenda mara 1.1 hadi 1.25 ya mwendo wa mashine. Kwenye uliolala unaongeza kidogo, na mashine yenyewe inakwenda mwendo wa mtu aliyemshika mtoto mkono.

Fremu ikatupwa tena. Masuke 4. Punje za kutawanyika 290. Jumla 650, gramu 16 na ushee, kilo 65 na ushee kwa ekari. Bado ni hasara, na kwa mpunga uliosimama nisingeikubali, lakini kati ya 234 na 65 kuna magunia mawili na zaidi, na kilichoyarudisha ni springi ya gari bovu.

Nimekaa sana kwenye vidole kwa sababu ndivyo vilivyoniumiza. Viko vingine nitavipitia upesi.

Dramu. Ipo ya mabapa yenye mikwaruzo, inayopenda ngano, na ipo ya misumari, inayopendwa na mpunga, hasa ukiwa na unyevu. Ukiletewa mashine iliyotoka kuvuna ngano, uliza. Usipouliza utakula wali wenye chenga nyingi, ukadhani kosa ni la mashine ya kukoboa.

Kikata mabua. Kikiwashwa, mabua yanakatwakatwa na kusambazwa. Kikizimwa, yanabaki mstari mrefu nyuma ya mashine. Mama wanaolima nyanya na mchicha Kitere baada ya mpunga wanayataka marefu, kwa matandazo. Mwenye ng'ombe anayataka vilevile, kwa lake. Hapo mwenye shamba aulizwe kabla. Ni swichi tu, au mkanda wa kuvuliwa.

Kichwa cha mahindi nitakisemea zaidi kidogo, kwa sababu nilikisikia kikitajwa kwenye mkutano, mtu akisimama na kusema tukinunua kombaini, tununue na cha mahindi ili ifanye kazi mwaka mzima. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga. Kichwa cha mahindi hakina rili wala visu vya mkasi. Kina pua ndefu kama za mitumbwi, na katikati ya kila pua mbili kuna njia moja, humo mna minyororo inayolivuta bua na magogo mawili ya chuma yanayozunguka kulivuta chini, gunzi linanasa juu, linang'oka. Njia hizo zimepimwa. Nyingi ni sentimita 75 au 76 kutoka njia hadi njia, na mahindi lazima yawe yamepandwa kwa kamba kwa nafasi hiyohiyo, la sivyo pua inayakanyaga. Sasa twende kwenye shamba la Masasi au la Nanyumbu. Mahindi yako na mbaazi katikati. Mahindi yanakauka, mbaazi bado mbichi, ndiyo kwanza inaanza maua, na chini yake kuna kunde, na pembeni mihogo ya shemeji. Hicho kichwa kitafyeka mbaazi ya watu ili kipate mahindi. Kwa shamba la zao moja, lililopandwa kwa mstari, sina neno. Kwa mashamba yetu mengi, kinachohitajika ni mashine ya kupukuchua inayokokotwa na pawatila hadi uani.

Na ufuta? Kila mwaka, bei ya mnada ikitangazwa, kuna kijana ananiuliza kwa nini kombaini haivuni ufuta. Lindi ni nyumbani kwa ufuta, swali ni halali. Ufuta hukomaa kuanzia chini kwenda juu, na ganda likikauka linapasuka nchani, mbegu zinamwagika kwa kutikiswa tu. Rili likiligusa shina lililokauka ni kama kupiga ngoma iliyojaa mbegu. Ndiyo maana sisi tunaukata maganda ya chini yanapoanza kufunguka, majani yamepukutika, tunafunga matita, tunayasimamisha yakauke, kisha tunayapindua juu ya turubai. Afisa ugani mmoja alinieleza kwamba mwaka 1943 huko Venezuela ulipatikana ufuta ambao ganda lake halipasuki, na kutokea hapo Wamarekani wakafika kwenye aina zinazovunwa kwa kombaini. Aina zetu zilizotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, kama Lindi 2002 na Mtwara 2009, zina sifa zake nzuri, ila bado zinataka mkono na turubai. Kwa hiyo atakayewauzia kichwa cha kombaini "cha ufuta" hapa kwetu, mwambieni aje nacho shambani kwanza, aje saa saba mchana.

Baba yangu alikuwa kibarua wa ule Mradi wa Karanga wa Waingereza kule Nachingwea. Ulianza 1947, ukafa 1951, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Sisi tukabaki na bandari ya Mtwara, na reli ambayo nayo ilikuja kung'olewa. Kule Kongwa, mradi huohuo, udongo uliganda kiangazi, karanga zikagoma kutoka. Baba hakujua habari za pauni. Alichokuwa akisimulia ni majembe. Matrekta yalikuwa mengi kama siafu, alisema, lakini vilivyofungwa nyuma yake vilikuwa vya ardhi nyingine, vikavunjikia kwenye mizizi yetu, na kila kilipovunjika kimoja trekta zima lilisimama na watu ishirini walilala kivulini. Alikuwa akicheka akifika hapo. Alikuwa mmoja wa wale ishirini.

Nirudi kwenye pawatila. Enzi za Kilimo Kwanza, baada ya 2009, zililetwa nyingi, na nyingi zimeishia kubeba tofali, maji na maharusi. Nyuma zilikuja na jembe na tela. Mbele ziko tupu. Mbele hapo pana nafasi ya mashine ya kukatia, chombo kisicho na makuu: upana wa mita 1.2 hivi, visu vilevile vya mkasi chini, juu yake magurudumu ya nyota yanayoyashika mabua yakiwa wima, na mikanda yenye vibao inayoyapeleka yote upande wa kulia na kuyalaza kwa mstari. Haipuri wala haipepeti. Inakata tu, wewe unafuata nyuma unafunga, unapeleka kwenye mashine ya kupura. Wataalamu wa mpunga wa Ufilipino pamoja na Wachina waliihangaikia tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wenye majaruba madogo, na kwa majaruba madogo sisi hatushindwi na mtu. Ekari yangu na nusu ina majaruba 11. Kombaini inatumia muda mwingi kugeuka kuliko kukata, na kila inapovuka tuta inalibomoa, kisha msimu wa maji tunagombana nani alizibe. Mashine ya kukatia ni nyepesi kuliko kombaini, kuivusha tuta si kazi kubwa. Udhaifu wake niuseme, nisije nikaandikiwa barua na mimi: mpunga uliolala haiuwezi. Mwaka wa Hidaya isingenisaidia kitu. Lakini Hidaya haiji kila mwaka, na kibarua cha mundu kinakosekana kila mwaka.

Kuna kifaa kimoja zaidi ambacho hakivuni hata punje. Kwenye mkono wa haidroliki unaoinua kichwa panatakiwa kuwa na kabari ya chuma, ya kuangushwa kabla mtu hajaingia chini yake. Kwenye mashine ile ya kwetu kabari ilikuwapo, imefungwa kwa waya ili isipige kelele njiani. Kule Hanang mwenzangu aliingiza mkono kutoa mabua yaliyokwama kwenye parafujo, injini ikiwa inanguruma, kwa sababu kuizima na kuiwasha ni dakika mbili. Alibaki na vidole viwili mkono wa kulia. Alijifunza kuandika kwa kushoto, akawa karani mzuri, lakini nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale na sauti ile bado ninayo. Kijana wa kwetu nilimfanya akate ule waya mbele yangu.

Basi ninaloomba. Vyama vya msingi na halmashauri zinazofikiria kununua kombaini kwa ajili ya mabonde yetu, iwe Kitere, Lukuledi au kandokando ya Ruvuma, zisiandike kwenye zabuni "kombaini moja" zikaishia hapo. Ziandike na kichwa cha upana gani, vidole vingapi, seti ngapi za visu na riveti za akiba, dramu ya aina gani, na tela la kubebea kichwa kama ni kipana, maana njia zetu zinapita katikati ya mikorosho na mwenye mkorosho hachezewi tawi. Mafundi wetu wa kuchomelea waitwe waone mashine siku inaposhushwa, wasiitwe siku inapoharibika.

Na sisi tunaokodi tubadili namna ya kulipa. Ukimlipa mtu kwa ekari, anakimbiza ekari. Mwaka jana, kwa mpunga uliosimama na kwa mashine nyingine, wenzangu sita nami tulikataa kulipa kabla, tukapatana kwa gunia linaloshuka kutoka kwenye tangi. Mwenye mashine alinuna asubuhi. Kufikia saa nne alikuwa ameshuka mwenyewe, amepiga magoti nyuma ya kombaini yake, anaokota masuke na kumfokea dereva apunguze mwendo. Sikumwonyesha fremu yangu. Hakuihitaji.

Msomaji wa Lindi, kama unasoma haya: usiuze mundu wako, lakini usiifukuze kombaini kabla hujaikagua mbele. Vile vidole vinane viko ukumbini kwangu ndani ya kiroba, vimepakwa grisi, na bolti zake zimefungwa kwa waya kila moja na nati yake. Mpunga wako ukilala tena, mwambie mwenye mashine apite Kitere aviazime. Mhunzi anajua nyumba yangu. Avirudishe vyote vinane. Msimu uliopita vilirudi saba, nikamsaka kijana mmoja hadi Mikindani.

Dereva wa kombaini mstaafu,
Kitere, Mtwara Vijijini